Watu Watano, Mlango Mmoja

Maswali ya wasomaji kuhusu michezo ya kuigiza, filamu na runinga. Anajibu Mwalimu, Mji wa Kale, Mombasa.

SWALI: Salaam alaikum, Mwalimu, na shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Majengo, vyumba viwili katika nyumba ya Kiswahili yenye wapangaji sita. Mwezi uliopita kijana wangu alileta filamu ya Marekani kwenye flashi, A Raisin in the Sun, ile iliyotengenezewa runinga mwaka 2008. Tuliitazama sote na mimi nikalia. Kijana, ambaye yuko chuo, akaniambia nalilia kitu kilichotiwa maji: ati huu ni mchezo wa jukwaani, wa chumba kimoja, na watu wa runinga wameuharibu kwa kuwatoa wahusika nje kila saa. Mimi naona walipotoka nje ndipo tulipopumua. Nani mkweli? Halafu nina jingine. Marehemu mume wangu ameacha kiinua mgongo. Mimi nataka ploti, kijana ataka tuktuk mbili. Hii filamu imenigusa pabaya. – Mama wa Majengo

JIBU: Wa alaikum salaam, dada, na marahaba. Barua yako niliisoma mara mbili, chai ikapoa, kwa sababu ya neno moja: "tulipopumua". Mchezo huu haukuandikwa ili mtazamaji apumue. Hapo kijana wako amenusa kitu. Lakini hilo la "kutiwa maji" ameliokota darasani, na halimalizi maneno.

Kwa wasioijua hadithi: Lorraine Hansberry alikuwa na miaka 28 mchezo wake ulipofunguliwa New York tarehe 11 Machi 1959, mchezo wa kwanza wa mwanamke Mmarekani mweusi kufika Broadway, kumbi kuu za michezo za jiji hilo. Familia ya Younger inakaa upande wa kusini wa Chicago, katika nyumba ya kupanga iliyochoka. Mama Lena ni mjane. Mwanawe, Walter Lee, ni dereva wa tajiri Mzungu. Mkewe Walter, Ruth, hufanya kazi za majumbani mwa watu. Dadake Walter, Beneatha, anataka kuwa daktari. Mjukuu, Travis, hana chumba. Kitanda chake ni kochi la sebuleni, kwa hivyo babake akiwa na wageni usiku, mtoto halali. Bafu liko nje kwenye korido, wanashirikiana na jirani. Baba mzee amekufa, na hundi ya bima ya dola 10,000 iko njiani. Kila mmoja ameshaitumia kichwani mwake.

Mtu wa Majengo hahitaji kufasiriwa hayo. Sote tumewahi kusimama uani na ndoo, taulo begani, tukikohoa kikohozi cha uongo ili aliye ndani ajue kuna foleni.

Sasa nikuonyeshe kitu kimoja kwa karibu. Asubuhi ya kwanza, Travis anataka senti 50 za kupeleka shule. Mamake anamwambia hakuna. Walter anasikia, anatia mkono mfukoni, anampa mtoto senti 50, na akimwangalia mkewe usoni anaongeza senti 50 nyingine: kanunue matunda, au upande teksi. Mtoto anaondoka akiruka kwa furaha. Baba naye, baada ya kugombana na kila mtu, anatoka na kuubamiza mlango. Kidogo mlango unafunguka. Karudi. Hana nauli ya kwendea kazini. Ruth anamtolea senti 50 na kumwambia: haya, panda teksi!

Mlango ule ule, mara mbili. Ametoka na kiburi, amerudi na aibu. Sasa chukua kamera umfuate hadi kituo cha basi, tumwone akijipapasa mifuko. Umekwisha kukiua kicheko, maana sisi tumejua kabla ya Ruth kujua. Tulitakiwa tuwe ndani naye, tukipanguza meza, tusikie kitasa.

Na karibu kila kitu humu huja kwa mlango huo. Hundi huletwa na mtu wa posta. Karl Lindner, bwana mpole mwenye mkoba, huja kwa niaba ya wakazi Wazungu wa Clybourne Park kuwalipa wasihamie mtaani kwao, ambako Mama amenunua nyumba. Bobo, rafiki wa Walter, huja kofia mkononi kusema kwamba Willy Harris, mshirika wao wa biashara, ametoroka na pesa. Hizo zilikuwa dola 6,500, baada ya Mama kuweka 3,500 za nyumba. Na ndani yake zilikuwamo 3,000 za masomo ya Beneatha ambazo Walter aliambiwa azipeleke benki, asizipeleke. Katika mchezo, Willy Harris hatumwoni hata mara moja. Ndiyo maana anatisha. Filamu ya sinema ya 1961 inamwonyesha, na mara tu ninapomwona naona tapeli wa kawaida, wa kumpigia mayowe tu akashikwa.

Hadi hapo kijana wako anashangilia. Atulie kidogo. Hiyo filamu ya 1961, yenye Sidney Poitier, maandishi yake aliyafanya Hansberry mwenyewe, na ndani yake alikuwa ameandika mandhari nyingi za nje: Mama akiwa kazini kwa Wazungu, Mama akitafuta matufaha ya maana kwa bei ya maana. Studio ikayakata mengi. Kwa hivyo mwenye mchezo mwenyewe alitaka kutoka nje! Waliomfungia ndani ni wenye pesa. Nilipolijua hilo mara ya kwanza nililazimika kumeza maneno yangu mwenyewe, maana miaka mingi nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi kwamba kutoka nje ni dhambi.

Nikalifikiria upya. Angalia alikotaka kumpeleka Mama: dukani, ambako mtu wa mtaa wake anauziwa matunda mabovu kwa bei ghali. Ukimtoa nje hivyo, akirudi chumbani chumba kimezidi kubana, kwa sababu sasa unajua hakuna pa kukimbilia. Huko nje ni ukuta mwingine. Kumtoa mhusika ili kamera ipate hewa, tuone magari ya zamani na makoti mazuri, hilo ni jambo jingine kabisa.

Filamu yenu ya 2008 inafanya yote mawili, na ndiyo maana mmegombana. Ilioneshwa na ABC, kituo cha runinga cha Marekani, tarehe 25 Februari mwaka huo, ikaongozwa na Kenny Leon, ambaye ndiye aliyeuongoza mchezo Broadway mwaka 2004. Waigizaji wanne walitoka naye jukwaani: Sean Combs mwanamuziki (Walter), Phylicia Rashad (Mama), Audra McDonald (Ruth) na Sanaa Lathan (Beneatha). Rashad na McDonald walishinda Tony, tuzo ya michezo ya Broadway, kwa kazi ile ya jukwaani. Inaonekana. Wanawake hawa wawili wamekaa na maneno haya usiku baada ya usiku, hata wakinyamaza unajua wanafikiri nini. Rashad jukwaani alikuwa akimfikia mtu wa kiti cha nyuma kabisa. Kwenye runinga anashusha kila kitu hadi kwenye kope. Ulipolia, dada, nadhani ulilia kwa sababu ya uso wake, na uso ule ulikuwa futi mbili kutoka kwako. Jukwaa haliwezi kukupa hilo. Combs hakufika walikofika wale, na nikisema zaidi nitaandikiwa barua.

Kisha sauti ya Morgan Freeman inatusimulia mambo. Sauti tamu, hakuna ubishi. Lakini Hansberry alianza na kengele ya saa ikilia asubuhi na mama akimtikisa mtoto awahi bafu. Nani anahitaji msimulizi baada ya hapo?

Mwambie kijana atafute ya 1989, nayo ya runinga, iliyoongozwa na Bill Duke, Danny Glover akiwa Walter na Esther Rolle akiwa Mama. Urefu wake unakaribia saa tatu nzima, na haina haraka ya kutoka ndani. Humo amerudishwa jirani Bi Johnson, aliyekuwa ameondolewa mchezo ulipooneshwa mara ya kwanza. Kaja na gazeti, ati kuwapongeza kwa kuhama, kumbe anawasomea habari ya weusi waliotupiwa bomu kwa kuhamia mtaa wa Wazungu. Nyinyi mna jirani kama huyo, nina hakika. Mimi ninao wawili. Tena tazameni Lindner wa humo, John Fiedler: ndiye aliyekuwa Lindner mwaka 1959 jukwaani, akawa Lindner 1961 kwenye sinema, na miaka 30 baadaye huyo tena, kazeeka, bado anawaomba wasihamie.

Na usidhani Hansberry alibuni. Mwaka 1937 babake alinunua nyumba katika mtaa wa Wazungu huko Chicago. Umati ukaja, kikarushwa kitu dirishani kikamkosa Lorraine kwa kitambo kidogo, naye ni mtoto. Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani na babake akashinda mwaka 1940.

Kuhusu ploti na tuktuk, mie si mwanasheria wala mpiga ramli. Kakangu alimlipa dalali ploti upande wa Kisauni, akaenda na fundi kupima msingi, wakakuta fundi mwingine keshachimba, na mwenye fundi huyo ana karatasi kama yake, muhuri kwa muhuri. Basi kabla ya kutoa shilingi, nenda ofisi ya ardhi ufanye sachi ya hati. Na za tuktuk, kama utatoa, mlipe muuzaji wewe mwenyewe, mkono kwa mkono. Usimpe mtu azipeleke.

SWALI: Mwalimu, nimebishana na wenzangu kijiweni Kongowea. Mmoja asema Jomo Kenyatta ametajwa kwenye huo mchezo wa Marekani. Tumeweka dau la soda. – Mnywaji

JIBU: Lipa soda, mwanangu. Katika tendo la pili Beneatha amevaa vazi la Kinigeria alilopewa na rafiki yake Asagai, ameweka sahani ya muziki, anacheza. Walter anaingia amelewa, anapanda juu ya meza, anajiona mkuu wa mashujaa, na kati ya kelele zake anamtaja Kenyatta kuwa ndiye mtu wake. Kumbuka ni 1959: Kenyatta yuko kizuizini kaskazini mwa Kenya, na haachiwi mpaka 1961. Mlevi wa Chicago anamwita jina huku hapa kwetu kulitaja hadharani ni kujitakia makuu. Wamarekani hupita hapo wakicheka. Mimi kila mara nasimama.

SWALI: Kila mwezi Marekani, Uingereza, Marekani. Kwani sisi hatuna michezo ya kutiwa kwenye runinga? – Msomaji aliyechoka, Likoni

JIBU: Tunayo, na umenikuna panapowasha. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, 1969, mchezo wa Vita vya Maji Maji, ingehitaji mto na umati, na hapo ningekuwa wa kwanza kusema tokeni nje. Lakini ningetoa pesa yangu ya kodi nikaone Kilio cha Haki cha Alamin Mazrui, mwana wa papa hapa Mombasa, kilichochapishwa 1981. Wafanyakazi wa shamba la mkoloni, na kiongozi wao ni mwanamke, Lanina, anayepigana na bwana shamba mchana na desturi za kwao usiku. Ukimleta karibu na kamera, ukaacha anyamaze sekunde tano kabla ya kujibu, hutahitaji trekta wala farasi. Vitabu vya michezo tunavisoma kwa mtihani, tukimaliza tunawauzia walio madarasa ya nyuma. Ndiyo taabu yetu.

Na kabla hujaniandikia tena: ni runinga, neno alilotuachia marehemu Sheikh Ahmed Nabhany. Sirudi kwenye televisheni.

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi nafundisha shule ya sekondari Changamwe na nasimamia kikundi cha drama. Mchezo wetu ni wa familia inayofukuzwa kwenye chumba ilichopanga miaka ishirini. Tulifika mbali mashindanoni mwaka huu, na sasa wazazi wanataka tuurekodi uwe filamu. Tuna simu tatu nzuri na hatuna pesa. Wanafunzi wanataka mwisho wake tuifuate lori iliyobeba vyombo mpaka barabara kuu. Unatushauri nini? – Mwalimu wa drama

JIBU: Marahaba, mwenzangu. Nianze na aibu yangu mwenyewe.

Miaka hiyo nilipokuwa nafundisha, tulirekodi mchezo wetu ukumbini mwa shule. Kamera moja ya kuazima, imesimama juu ya meza ya maabara nyuma kabisa, ili "ipate jukwaa zima". Ikapata jukwaa zima. Siku ya wazazi tukawaonyesha: watu wadogo kama mchwa, na sauti ya panga boi nne zinazozunguka. Msichana aliyeigiza mama alikuwa na sentensi moja ya kunong'ona iliyowaliza watu jukwaani. Kwenye ule mkanda midomo yake inacheza tu na feni zinaitika. Mzazi mmoja akaniuliza kama ni filamu ya kiwandani.

Mwaka uliofuata tukaacha ukumbi. Dadangu alikuwa na nyumba Kuze, tukaomba chumba cha mbele. Kamera ikakaa mlangoni. Hapo ndipo nilipojua kwamba niliyowafundisha kwa jukwaa yalikuwa sumu: kijana wangu bora, aliyezoea kurusha mikono ili waliokaa mwisho wamwone, ndani ya chumba cha futi kumi alionekana anafukuza kunguru. Ilichukua siku mbili kumtuliza. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikampa kikombe cha chai ya moto mikono yote miwili, nikamwambia aseme maneno yote ya babake bila kumwaga hata tone. Akasema. Chumba kizima kikanyamaza, hata mpishi wa mahamri aliyekuwa anachungulia dirishani.

Basi fanyeni hivi. Tafuteni chumba cha kweli, kadiri kinavyobana ndivyo vizuri. Simu moja iwe macho, nyingine mbili ziwe masikio: zifunikeni kwa kitambaa, moja chini ya meza, moja juu ya kabati karibu na anayesema, kisha mtaziunganisha sauti na picha kwa kupiga makofi mara moja mwanzoni mwa kila kipande. Msivute picha kwa vidole. Sogeeni kwa miguu. Pangeni saa vizuri kwa sababu ya adhana, na kwa sababu mwanga wa saa nne asubuhi na wa saa kumi jioni si mwanga mmoja, mtazamaji ataona baba ameanza sentensi asubuhi akaimaliza magharibi. Na awepo mwanafunzi mmoja ambaye kazi yake ni kukumbuka kikombe kilikuwa mkono gani. Huyo mpeni heshima kama mhusika mkuu.

Mtakachopunguza ni maneno. Jukwaani mhusika anasema "naona hujala tangu jana" kwa sababu wa nyuma haoni sahani. Kwenye picha sahani inaonekana. Kata.

Sasa lori. Nawaelewa vijana, lori ni tamu. Lakini soma nilivyomjibu mama wa Majengo hapo juu, halafu nikusimulie mwisho wa mchezo huo wa Hansberry. Familia inahama. Wapagazi wanabeba, kila mtu anatoka, kelele zinashuka ngazi. Mama Lena anabaki peke yake. Hapo alipoishi na mumewe, hapo walipolea, sasa ni kuta tu. Anajizuia, analemewa, anatoka, mlango unafungwa. Chumba kitupu. Halafu mlango unafunguka: amerudi. Amesahau kile kimmea chake cha dirishani, kilichonyong'onyea kwa kukosa jua, alichokihangaikia tangu asubuhi ya kwanza. Anakichukua, anaondoka.

Ukiwa umeshatoka na lori, hayo huyaoni. Wewe mchezo wako utakuwa na kitu chake, sijui ni nini. Labda msumari wa kutundikia kanzu, labda alama za penseli ukutani walipokuwa wakiwapima watoto urefu. Acha lori liondoke kwa sauti tu, honi na injini. Simu ibaki ndani, juu ya kiti, ihesabu mpaka ishirini hata kama wanafunzi wanakuona mwendawazimu.

Na panga boi izimwe.